Wamesema Nini?

Vijana wenzangu, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma hapa, leo niongee bila kuzunguka.

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka saba. Fujo za baada ya uchaguzi Kenya zilitutoa nyumbani, tukavuka mpaka Busia, tukapelekwa kambi ya Mulanda hapa Tororo. Baadaye wengi wetu tulihamishiwa Kiryandongo. Ninachokumbuka ni hiki: kila mkutano ukiisha, mama alimuuliza jirani, "Wamesema nini?" Mkutano wa kweli ulikuwa jioni, watu sita saba wamezunguka moto wakielezana.

Majuzi maiki ilikuwa mkononi mwangu, Busia. Vijana zaidi ya mia. Nikaongea Kiingereza kidogo na Kiswahili kingi. Watu watatu walewale wakajibu kila swali. Makofi, soda, picha, sahihi, kwisha. Kwenye ripoti tukaandika kwamba washiriki wote walichangia. Uongo mtupu, na mimi ndiye niliyeuandika.

Pale nje, dada mmoja kutoka Sudan, mtoto mgongoni, alimvuta mwenzake akamuuliza kwa Kiarabu. Sikuhitaji mkalimani kujua anauliza nini. Tulikuwa tumetangaza siku ya kujiandikisha mafunzo ya ushonaji. Habari ilipomfikia, orodha ilikuwa imejaa.

Halafu tunajisifu, ati ushirikishwaji! Sahihi kwenye fomu inaonyesha tu kwamba mtu alifika.

Najua mtasema muda hautoshi. Mbona wa hotuba za wageni wa heshima unatosha? Mtasema wengine wana haya tu. Jamani, wewe ungesimama mbele ya watu mia, kwa lugha yako ya tatu, huku wa mbele wameshaanza kucheka?

Huku mpakani ndiko bodaboda ilikozaliwa, baiskeli za kuvusha watu kati ya Busia mbili. Mtu wa boda hahutubii umati. Anamuuliza mmoja mmoja, "Unaenda wapi?" Na sisi tuanze hivyo:

Moja, gawa watu sita sita kwa lugha wanayoielewa, ndipo uwachanganye.

Mbili, mtu asiongee mara ya pili kabla wenzake wote wa kikundi hawajapewa nafasi ya kwanza.

Tatu, mkalimani alipwe, kama vile mwenye spika anavyolipwa. Tusimuokote mlangoni asubuhi ile.

Nne, kabla ya kufunga, omba kila kikundi kieleze kwa lugha yake tumekubaliana nini, ukianza na waliokaa nyuma kabisa. Wakishindwa, mkutano haujaisha. Rudi ueleze upya.

Mama yangu hakuwa mjinga, wala yule dada. Mimi mkutano ujao naanza na watu wa nyuma. Wewe unayeshika maiki wiki hii, utafanyaje?