Damu Haichezi Ngoma

Juzi kwenye harusi moja hapa Mombasa, MC alishika maikrofoni akatupasulia masikio: "Chezeni, jamani! Msisimame kama Wazungu! Sisi ngoma iko kwenye damu!" Ukumbi mzima ukashangilia. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Hao wenye ngoma kwenye damu walikuwa wamekaa vitini, simu juu, wakiwarekodi wapambe wa bibi harusi, ambao kila mtu alijua wamefundishwa hatua zao na mwalimu wa kulipwa.

Hakuna imani inayonichosha kama hii. Mswahili huzaliwa anajua kucheza, Mzungu huzaliwa mguu gogo, basi, kesi imekwisha. Anayeisema hajawahi kualikwa harusi ya Waskoti wanaocheza. Mimi nimealikwa, Edinburgh, na bwana na bibi harusi walikuwa wamejuana darasani: darasa la dansi za Kiskoti, zile za watu wanane wanane, ambalo hukutana jioni katika ukumbi wa kanisa. Nusu ya wageni walikuwa wenzao wa darasa hilo. Kulikuwa na kodiani, fidla na ngoma, vyombo ambavyo mzee yeyote wa taarab angevipokea bila kuuliza swali. Wanaume walivaa kilti, na wengi, wake kwa waume, walikuja na viatu vyepesi vya ngozi vya kufunga kamba, kwa sababu walijua kwamba hawakuja kukaa.

Na kweli hawakukaa. Wanne wanne wanaume wanajipanga upande mmoja, wanawake wanawakabili. Mtu anasoma hatua kwa sauti, mara moja tu, kisha muziki unaanza. Kwa kawaida ni vipande vifupi 32 vya muziki, vinarudiwa mara 8. Kila jozi inaongoza mara mbili, halafu inashuka chini ya mstari na kuwasaidia wengine. Piga hesabu mwenyewe: bibi harusi, siku ya harusi yake, anaongoza mara mbili, na mara sita zilizobaki anawatumikia wageni wake au anawangoja. Alizungushwa na babu mwenye ndevu nyeupe, akazungushwa na kitoto cha jirani, akazungushwa na mimi niliyekuwa nikienda kushoto wakati dunia nzima inakwenda kulia. Kila nilipopotea, mkono wa mtu nisiyemjua ulinishika kiwiko ukanirudisha njiani. Kwetu bibi harusi anapandishwa jukwaani kama keki, na ole wako umsogelee kabla mpiga picha hajamaliza.

Nilipomwonyesha shemeji yangu video, alicheka mpaka akashika mbavu. Alichokiona ni mgeni mmoja anachungulia kijitabu cha michoro kabla ya kuingia mstarini. "Shemeji, ngoma gani ya kusoma kitabuni? Huo si mtihani?" Haya, sawa. Lakini shemeji huyu huyu kila hatua anayoijua aliipata kwenye simu, amesimama mbele ya kioo cha kabati, akirudisha video nyuma mara elfu. Kitabu ni aibu, TikTok ni damu!

"Lakini wanahesabu hatua," akaongeza. Ndiyo, wanahesabu. Na wewe unadhani kina mama wa ngoma ya lelemama, wamesimama mstari mmoja, mikono inapanda na kushuka kama ya mtu mmoja, walitoka tumboni hivyo? Walifanya mazoezi usiku baada ya usiku. Ngoma ni kufundishwa. Watu wasiofundishwa hawachezi, wanatikisika.

Waskoti wenyewe ndio ushahidi wangu mkubwa. Kama damu ingekuwa na kazi, wasingehitaji chama. Lakini mwaka 1923, mjini Glasgow, Jean Milligan, mwalimu wa mazoezi ya viungo, na mwenzake Ysobel Stewart walianzisha chama cha kuziokoa dansi hizi, kwa sababu vijana wa Kiskoti, wenye damu ya Kiskoti tupu, walikuwa wanazisahau na kukimbilia mitindo mipya. Damu ilikuwapo, hatua zikawa zinapotea. Zilirudi kwa kukusanywa, kuandikwa na kufundishwa. Leo chama hicho kina tawi Tokyo. Tokyo! Wajapani wanacheza strathspey, dansi ile ya taratibu ya Kiskoti, vizuri kuliko Waskoti wengi niliowaona kwenye mabaa ya Edinburgh.

Mnataka zaidi? Juni 1940, askari wa Divisheni ya 51 ya Waskoti walitekwa na Wajerumani huko Saint-Valery, Ufaransa. Maofisa wao, wakiwa wafungwa katika kambi ya Laufen, walitunga dansi ambayo wachezaji wake wanapanga msalaba wa Mtakatifu Andrea, ule wa bendera yao. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja, kwa hiyo wanaume waliifanyia mazoezi wenyewe kwa wenyewe, na njaa yao. Sasa inachezwa harusini, na sijui kama kuna MC anayeikumbuka kambi.

Kwetu tunatoza michango miezi minne, kadi inasema saa nane, biriani inafika saa kumi na mbili, spika zinakufanya usimsikie aliye ubavuni mwako, na baada ya gharama zote hizo wanaocheza ni wanane waliolipiwa mwalimu. Halafu tunajisifu damu.

Tena hapa hapa Mombasa, enzi za ngoma ya beni, wazee wetu walikuwa na makundi yaliyoshindana barabarani kwa sare na kwa mwendo. Moja liliitwa Kingi. Mpinzani wake aliitwa Scotchi, na jina hilo halikutoka mitaa yetu ya Kibokoni wala Kuze, lilitoka kwa Waskoti. Waliwatazama, wakaiga, wakashona sare, wakafanya mazoezi, wakatoka kuwatia Kingi adabu. Anayetaka kunizungumzia damu anieleze kwanza Scotchi walikuwa wa ukoo gani wa Edinburgh.