Nikibonyeza 0, nirudishe nilikotoka

Wasee, leo hakuna video. Nataka tuongee kuhusu namba moja tu: 0.

Hapa Endebess, ukienda sokoni siku ya soko, simu utakazoona mikononi mwa wazee wengi ni kabambe. Kabambe haina apu. Iko na nyota na hashi, na hiyo inatosha: *334# ya M-Pesa, *544# ya bando, halafu menyu za benki na za mikopo. Kwa mtu kama huyo, hiyo ndiyo intaneti. Ni kurasa za maandishi matupu: unasoma, unajibu kwa namba, ukurasa mwingine unakuja. Na kwa menyu nyingi ushazoea 98 ni kuona zaidi, 0 ni nyuma, 00 ni mwanzo.

Sasa niambie, nyuma ni wapi?

Kuna menyu moja ya mkopo, sitaitaja. Orodha yake ni ndefu, kwa hivyo unabonyeza 98 uone sehemu ya pili. Ukitaka kurudi sehemu ya kwanza, unabonyeza 0, inakutupa hadi mwanzo kabisa. Unaanza upya, na ukisoma polepole muda unakatika, simu inakuandikia mambo ya MMI. Manze, kijana anaweza kucheka. Mzee anayetafuta salio la deni hacheki.

Na si ati hili ni swali jipya. Brauza ya maandishi inayoitwa Lynx ilianza 1992 pale University of Kansas, Marekani. Haina picha, haina kugusa skrini. Mshale wa kulia unafungua kiungo, wa kushoto unakurudisha ulikotoka. Kama ukurasa ni mrefu, kitufe cha nafasi kinakupeleka mbele, na herufi b inakurudisha skrini moja ndani ya ukurasa uleule. Hebu angalia hapo: walitenganisha kugeuza na kuondoka. Eww, brauza iliyo ndani ya Emacs, imekata finyo zaidi: l ni ulikotoka, p ni ukurasa uliotangulia kwa mfululizo, u ni kupanda juu. Watu walikaa chini wakajua "nyuma" ni maneno matatu yamevaa shati moja.

Madevelopa watasema nafasi ni ndogo. Ni kweli, ukurasa wa USSD hauzidi herufi 182. Lakini andika "0 Nyuma", "98 Zaidi" na "00 Mwanzo", kila moja mstari wake. Hazifiki hata 30. Zilizobaki ni zako, andika unachotaka.

Watasema tena kabambe haikumbuki ulipopita. Pia ni kweli, haihifadhi ukurasa wowote. Lakini seva inajua. Nilipoacha chuo nilikaa na hizi vitu sana, na ukijenga kwa Africa's Talking, seva yako inapewa safari yote ya mtu kwa mstari mmoja, kitu kama 1*2*98*0. Njia yote iko hapo, bana! Kurudi hatua moja ni kukata vipande viwili vya mwisho: hiyo 0 yenyewe na chaguo lililoitangulia. Inabaki 1*2, ukurasa wa kwanza wa ile orodha. Ni kazi ya jioni moja. Haifanywi kwa sababu anayeijenga anaijaribu mwenyewe, na yeye tayari anajua njia.

Mimi kinachoniuma si usumbufu. Mtu akipotea mara mbili kwa menyu, ya tatu anampa simu yeyote aliye karibu. "Kijana wangu, hebu nisaidie hapa," na kabla sijajibu nishaambiwa PIN, kwa sauti, watu wakisikia. Tunapigia wazee kelele kuhusu matapeli kila siku, na menyu yenyewe ndiyo inawafundisha kutoa PIN.

Kuna wenye wanasema kabambe zitaisha, tungojee. M-Pesa ilianza 2007 na bado watu wanapiga nyota. Kabambe mpya bado zinauzwa Kitale, na betri inakaa siku kadhaa, kitu simu yangu haiwezi hata kwa maombi.

Kwa hivyo wewe uliye na menyu hewani, ipige leo. Ingia kwa orodha yako ndefu, bonyeza 98 mara mbili, kisha 0 mara moja. Halafu uje hapa kwa maoni uniambie umejikuta wapi.