Ukungu wa Marsabit na bei ya mzigo wa kuni

MSAFIRI atokaye Isiolo kuelekea Moyale hukatiza nyika kame ya migunga na mawe meusi ya volkano kabla ya kuuona Mlima Marsabit, wenye kimo cha mita 1,707, ukiwa umefunikwa na msitu wa kijani kibichi. Msitu huo hauponi kwa mvua pekee. Hewa yenye unyevu kutoka upande wa Bahari ya Hindi hupoa inapopanda mlima na kugeuka ukungu usiku kucha. Majani, pamoja na nyuzi za kuvumwani zinazoning'inia matawini mfano wa ndevu, huunasa ukungu huo, ukadondoka ardhini tone kwa tone.

Kwa hivyo akataye mti Marsabit huondoa pia chombo cha kukingia maji. Hoja hii husahaulika kila mvutano unapozuka baina ya walinzi wa msitu na wakazi.

Mlima ndio kimbilio la tembo wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha huteremka nyikani. Ni hapa alipoishi Ahmed, tembo aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka wa 1974. Huko chini, kwenye mawe, huishi kipozamataza wa Williams, ndege mdogo asiyepatikana nje ya Kenya, pamoja na punda milia wa Grevy.

Ukame wa kuanzia 2020 hadi 2023 ulionyesha jinsi uhai huo ulivyo dhaifu. Kati ya Februari na Oktoba 2022 pekee, serikali ilihesabu vifo vya tembo 205 na punda milia wa Grevy 49 kote nchini. Idadi ya pili ndiyo ya kutisha zaidi, kwani punda hao wamebaki takriban 3,000 duniani.

Ukame huohuo uliangamiza mifugo. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wote huhamia mjini, na mji wa Marsabit umekua ukiegemea msitu. Kuni huuzika siku hiyohiyo. Ni rahisi kumshtaki mama aliyebeba mzigo, ingawa naye hunywa maji ya chemchemi za Bakuli, zinazotegemea msitu uo huo. Doria pekee haitamzuia maadamu hana moto mwingine wa kupikia.

Ajabu ni kwamba kaunti hiyo haina uhaba wa nishati. Mtambo wa upepo ulio karibu na Loiyangalani una uwezo wa megawati 310. Tangu 2018, umeme wake husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, kusini.