Kina Kirefu Si Kimbilio la Bure

Wanachuo wenzangu, juzi tulibishana mgahawani, kisa matumbawe. Jamaa yangu mmoja, mtoto wa pwani, alisema tusihangaike sana na joto la bahari: matumbawe ya juu yakifa, yapo ya chini kwenye maji ya baridi, yatapanda kujaza nafasi. Kisha akanigeukia: "Na wewe mtu wa Newala, matumbawe yanakuhusu nini?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Jibu langu ni hili hapa.

Nimekulia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako mwezi wa saba hutoki asubuhi bila sweta. Wazee wetu walipanda kule kukimbia uvamizi na biashara ya watumwa. Vichaka vizito viliwaficha, lakini maji yalibaki bondeni. Bibi zetu walishuka na kupanda ule mteremko, vyombo vya maji kichwani, miaka nenda rudi, hadi mradi wa maji ya bomba ulipokuja miaka ya 1950. Kimbilio lilikuwepo, ila walililipia kila siku.

Matumbawe ya kina yako hivyo hivyo. Tumbawe linalojenga mwamba hulishwa kwa sehemu kubwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani yake, na mwani huo unataka jua. Joto likizidi, tumbawe huutoa, hupauka, na hali ikiendelea hufa. Ndivyo ilivyotokea pwani yetu mwaka 1998. Ukishuka chini ya mita 30 maji yanapoa, sawa, lakini mwanga nao unafifia. Matumbawe ya huko hukua polepole, na mengi ni ya aina tofauti na yale ya juu. Sasa aliyezoea kiza utamwambiaje apande akajenge juani?

Na huo ubaridi wenyewe si wa kuaminika. Mwaka 2019 huko Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi hii hii yetu, matumbawe yalipauka kwenye kina cha hadi mita 90, wakati ya juu yalikuwa salama. Tabaka la maji ya joto lilikuwa limeshuka kuliko kawaida.

Mikono ya watu nayo inafika. Norwei ina matumbawe ya maji baridi yasiyohitaji jua kabisa, lakini nyavu za kukokota ziliyavunja mpaka nchi ikaanza kuyalinda kisheria mwaka 1999. Hapa kwetu Tanga, nyavu za kina zimekuwa zikimnasa silikanti, samaki anayejificha kwenye mapango ya chini. Hifadhi yake ilianzishwa mwaka 2009.

Kusini tunayo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu mwaka 2000. Ukisimama ukingoni Newala unaliona bonde la Ruvuma. Mto huo huo ndio unaomwaga maji na tope kwenye hifadhi ile. Samaki wakavu wa pwani ndio mboga yetu sokoni, Newala hadi Masasi. Kwa hiyo yananihusu, tena sana.

Ninachoomba si kikubwa. Kwanza, tuache kuhesabu matumbawe ya kina kama akiba ya benki. Tulinde ya juu dhidi ya baruti na uchomaji chokaa kama vile hakuna mengine. Pili, serikali yetu ya wanafunzi iwaombe wakuu wa idara waruhusu miradi ya mwaka wa mwisho ifanyike Mtwara. Kujua joto la mita 60 hakuhitaji mzamiaji: kifaa kidogo cha kurekodi joto, kamba, na mvuvi mwenye mashua vinatosha kuanzia.

Na wewe jamaa yangu, likizo ijayo karibu Newala. Bibi atakusimulia ndoo moja ya maji iligharimu nini, halafu turudi kwenye ubishi wetu.