Kamusi za Tarakilishi: Kitambulisho Badala ya Kitomeo Kizima

Mtunzi wa kamusi ya kuchapishwa hanakili kitomeo kizima cha "huzuni" ndani ya kitomeo cha "furaha". Humwelekeza msomaji kwa neno moja tu, "tazama", naye msomaji akipenda hufungua ukurasa unaohusika. Maneno yakifanana kimaumbo, mtunzi huyatofautisha kwa nambari ndogo. Busara hii ya wanaleksikografia haina budi kuhamishiwa katika kamusi za tarakilishi, ambako husahaulika kwa urahisi.

Kamusi ya aina hii hukaa katika hifadhidata ambamo kila kitomeo kimefungamanishwa na visawe na vinyume vyake. Huduma ya wavuti iliyoandikwa kwa lugha ya Java hukichota kitomeo, hukigeuza kuwa matini ya JSON, kisha hukituma kwenye simu au tarakilishi ya msomaji. Hapa ndipo tatizo linapozuka. Programu ikiagizwa kuandika kila kinachohusiana na "furaha", huandika "huzuni" ndani yake. Na kwa kuwa kinyume cha "huzuni" ni "furaha", huandika "furaha" tena, na kuendelea vivyo hivyo hadi kumbukumbu iliyotengewa kazi hiyo ijae na huduma ikwame. Hata pasipo na mzunguko, neno moja laweza kuburura sehemu kubwa ya kamusi.

Baadhi ya wanaprogramu huukata mzunguko huo kwa anotesheni @JsonIgnore, ambayo huuficha uhusiano wote. Huduma hupona, lakini mwanafunzi hupewa "furaha" isiyo na kinyume. Wengine hutumia @JsonManagedReference na @JsonBackReference, ambazo huuonyesha uhusiano upande mmoja tu. Njia hii yafaa kwa kitomeo na sentensi zake za mifano, kwa kuwa huo ni uhusiano wa mzazi na mwana. Ukinyume sio hivyo: maneno mawili husimama sawa, na kuufuta upande mmoja ni kupotosha semantiki ya lugha.

Njia iliyo bora ni kutuma kitambulisho. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2012, maktaba ya Jackson ina anotesheni @JsonIdentityInfo, ambayo huandika kitu kizima mara ya kwanza na kitambulisho chake baadaye. Ikiambatanishwa na @JsonIdentityReference(alwaysAsId = true), uhusiano huandikwa kwa kitambulisho pekee. Hiyo ndiyo "tazama" ya tarakilishi.

Je, kitambulisho hicho kiwe nini? Wapo watakaoshawishika kutumia kidahizo chenyewe. Neno "paa" latosha kuwakanya. Kuna paa la nyumba, paa wa mwituni, kupaa angani na kupaa samaki. Msikilizaji huongozwa na upatanisho wa kisarufi na muktadha. Mashine iliyopewa herufi tatu pekee haina mwongozo huo. Vilevile, nambari zinazobuniwa upya kila matini inapoandikwa hazifai, kwa sababu nambari ya leo yaweza kuwa ya neno jingine kesho. Kinachostahili ni ufunguo wa kudumu wa hifadhidata yenyewe, usiobadilishwa hata tahajia ikisahihishwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wapinzani wa njia hii husema kuwa nambari tupu haimfai msomaji, na kwamba kila ombi la ziada humgharimu muda, hasa penye mtandao dhaifu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, dawa yake si kurejelea vitomeo vizima. Kitambulisho chaweza kuandamana na kidahizo pamoja na maana fupi, na maelezo kamili yakaletwa yanapoombwa, tena ya vitomeo kadhaa kwa ombi moja.

Uamuzi huu, basi, usiachiwe mwanaprogramu peke yake. Yeye anajua jinsi ya kuukata mzunguko. Anayejua ni uhusiano upi una pande mbili, na ni "paa" ngapi zilizomo katika lugha, ni mwanafunzi wa Kiswahili. Asipokuwapo hifadhidata inaposanifiwa, makosa ya kiisimu yatajengwa ndani ya msingi, na nyumba ikishaezekwa ni taabu kuuchimbua msingi wake.