Mabomba Mawili Hayakutani Kwenye Nukta

Nimekuwa kimya siku nyingi hapa kibarazani, na leo narudi na hasira. Sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kazi yangu ni kuandika vijiprogramu vya wahandisi wanaochora mabomba ya chini ya ardhi. Ofisi moja hapa Kitengela ilinipa michoro ya majitaka ya mtaa mpya, nihamishe data kutoka programu moja hadi nyingine. Nikakuta nukta chungu nzima zisizo na kipenyo wala maelezo. Nikaziona takataka, nikazifuta. Kumbe kila nukta ilikuwa pale bomba la nyumba linapoingia bomba kuu! Kijiprogramu changu kikayashusha mabomba madogo yote hadi kitako cha lile kubwa. Fundi akajenga kama mchoro ulivyosema. Watu walipohamia, majitaka yakarudi chooni kwa mama mmoja.

Kwa nini nukta zilikuwa tupu? Programu kama Civil 3D hutaka mabomba ya mteremko yakutane kwenye chemba. Lakini mara nyingi bomba la nyumba huingia bomba kuu kwa kiungo cha Y tu, bila chemba yoyote. Basi mchoraji huweka chemba ya uongo, isiyo na umbo, ili kompyuta inyamaze. Hata SWMM, iliyoanza mwaka 1971 huko Marekani, huona mtandao wote kuwa vistari na nukta.

Najua mtakaloniambia: kwa hesabu ya mtiririko nukta inatosha. Kwa hesabu, sawa. Kwa jembe haitoshi. Chukua bomba la milimita 160 linaloingia la milimita 300. Wahandisi husawazisha kuta za juu za mabomba hayo, kwa hiyo kitako cha dogo hukaa milimita 140 juu ya kitako cha kubwa. Ukisawazisha vitako, kubwa likijaa kupita nusu kidogo tu, mdomo wa dogo umeshafunikwa. Milimita 140 ndizo nilizofuta mimi kwa kubofya mara moja. Kuzirudisha ni kuchimba upya udongo mweusi wa Kitengela, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Nenda Rombo, chini ya Kilimanjaro, uwaulize wakulima wanaomwagilia kwa mifereji. Pale mifereji miwili inapokutana ndipo wanapoangalia kimo, ndipo wanapogombana. Hakuna anayeipita sehemu hiyo kama kitu kisichokuwepo. Sisi wa kompyuta ndio tunaoipita.

Wasanidi wenzangu, kiungo ni kitu. Kipeni jina, aina, pembe, kimo cha kila bomba linaloingia na mwaka kilipofukiwa. Na programu isikifute kimyakimya faili linapohama. Msimwachie mchoraji kazi ya kudanganya ili programu yenu ifanye kazi.

Mimi nimeanza. Kijiprogramu changu sasa hukataa faili lolote lenye kiungo kisicho na vimo vyake. Wateja wamelalamika kwamba kinawachelewesha. Ni kweli, kinawachelewesha dakika chache. Yule mama alikaa bila choo akingoja mtaro ufukuliwe.

Haya, tuonane tena.