Mali Bila Daftari

Kipupwe kilichopita tulikusanyika Lamu, katika nyumba ya marehemu bibi yetu. Kusi ilivuma, bahari ilichafuka, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kutoka nje, tuliona siku hizo zafaa kwa kupanga vyombo alivyotuachia. Tulitoa kasha la misumari ya shaba, bakuli za kale za Kichina, mbuzi ya kukunia nazi, na kiti cha enzi cha mpingo. Vumbi halijatulia, mchuuzi wa vitu vya kale alikuwa amekwisha keti barazani.

Ami yetu akauliza, "Wanangu, ni nani kati yenu ajuaye habari za kiti hiki?" Tulitazamana. Mimi, nifundishaye watoto wa watu mambo ya kale, niliinamisha uso. Bibi alipokuwa hai alitaka mara nyingi kunisimulia, nami nikimwambia, "Kesho, bibi." Mchuuzi akataja bei. Mmoja wetu akasema kuwa kitu kikuukuu hakimlishi mtu, na kabla ya adhuhuri kiti kilikuwa kimefungwa juu ya punda. Fedha zake hazikutosha hata kutengeneza dari.

Neno hilo nalipinga. Kama kitu kikuukuu hakina faida, mbona kuna watu wanaovuka bahari kukitafuta? Wagiriama huwasimamishia wazee wao waliokufa vigango vya mbao. Vingi viliibwa, vikauzwa, vikapambwa katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2019 vigango 30 vilirudi Kenya kutoka Denver. Vilirudishwa kwa sababu ilijulikana ni vitu gani na ni vya watu gani.

Tazameni pia Ngadji, ngoma tukufu ya Wapokomo wa mto Tana. Maofisa wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia katika jumba la makumbusho huko London. Wapokomo walinyang'anywa ngoma, lakini habari zake zilibaki vinywani mwao. Kwa hiyo waweza kuidai. Sisi tulikuwa na kiti, lakini hatukuwa na habari zake. Tukikikuta kesho katika mji wa kigeni, tutadai nini? Wao walidhulumiwa kwa nguvu. Sisi tulijidhulumu kwa uvivu, kisha twapenda kumlaumu mgeni peke yake.

Najua kwamba shida haina adabu. Simlaumu mzazi auzaye mkufu ili mtoto apate karo. Huyo amebadili urithi kwa urithi. Namlaumu yule auzaye asichokijua, na zaidi yake namlaumu yule aliyeweza kujua akasema, "Kesho." Mimi ni mmoja wao.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wanafunzi, daftari mnazo, na kalamu mnazo. Likizo ya Agosti mwendapo kwa babu na bibi zenu, msiulize kwanza nani atarithi nini. Ulizeni kitu hiki kilitoka wapi, nani alikifanya, nani alikitumia, kisha andikeni. Chombo chaweza kuibwa, kuungua au kuvunjika, bali habari iliyoandikwa yaweza kukidai. Msingoje kesho, bibi yangu hakuingoja.